Shafti Haipendi Kulazimishwa

Yeye anajenga gari uani, wewe unaona akaunti inavyopungua. Kabla mashine ya kuchomelea haijawashwa, kuna kitu kimoja huko chini ambacho mnatakiwa kukiona nyote wawili.

Kwenye nyumba nyingi za vijana siku hizi, gari ni kama mke mwenza. Linakula, linaugua, linanunuliwa viatu vipya, na likinuna hakuna anayefika kazini kwa wakati. Sasa ongeza chumvi: mwenzio hataki gari la kununua tu. Anataka kulijenga mwenyewe! Ameshapata injini na giaboksi ya Mark II iliyogongwa mbele, difu na shafti zake bado nzima, na fundi wa kuchomelea yuko tayari kuanza chesisi Jumamosi.

Dada, usifungue ukurasa mwingine ukidhani hii ni ya kaka tu. Na wewe kaka, usidhani unajua tayari. Pesa inayoingia kwenye mradi kama huu ni ya nyumba, na siku gari litakapotembea atakayekaa kiti cha pembeni ni yule yule uliyemwambia "subiri kidogo tu, linakaribia kuisha".

Na tusiwacheke wenye ndoto hizi. Kenya, Rais Daniel arap Moi aliiomba Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1986 itengeneze gari la Wakenya, na Nyayo Pioneer likaonyeshwa hadharani mwaka 1990. Uganda, wanafunzi na walimu wa Makerere waliendesha Kiira EV, gari lao la umeme la watu wawili, mwaka 2011. Hapa kwetu kuna Nyumbu kule Kibaha, na Machi 2022 Masoud Kipanya, mchora katuni na mtangazaji tunayemfahamu wote, alizindua gari lake la umeme jijini Dar es Salaam. Uingereza ndiyo usiseme: Lotus Seven ya Colin Chapman ilipotoka mwaka 1957, wengi waliinunua ikiwa vipande wakaiunganisha kwenye gereji za nyumbani kwao.

Kwa hiyo ndoto si tatizo. Mara nyingi tatizo huanzia mahali padogo sana, pale nguvu ya injini inapotakiwa kufika kwenye magurudumu ya nyuma.

Kuna nini huko uvunguni?

Twende taratibu. Injini inazungusha giaboksi. Giaboksi inazungusha chuma kirefu kinachopita katikati ya gari kwenda nyuma, ambacho mafundi wanakiita propela. Propela inaingia kwenye difu, na difu ndiyo inayogawa nguvu kulia na kushoto. Kutoka kwenye difu zinatoka shafti mbili fupi, kila moja inakwenda kwenye gurudumu lake.

Kwenye magari kama Hiace na pikapu nyingi, shafti hizo zimefungiwa ndani ya ekseli moja nzito. Gurudumu moja likipanda tuta, ekseli nzima inainama. Ni ngumu, ni imara, na abiria wa nyuma wanajua utamu wake!

Kwenye Mark II, Altezza, Forester na nyingine nyingi tunazoziona mjini, mambo ni tofauti. Difu imefungwa juu, kwenye bodi, haipandi wala haishuki na magurudumu. Kila gurudumu la nyuma linaruka peke yake. Hiyo ndiyo sasipensheni huru. Safari inakuwa laini na gari linashika barabara vizuri, ndiyo maana wajenzi wa magari ya nyumbani wanaipenda.

Lakini ulaini huo una gharama. Difu imetulia, gurudumu linacheza, na shafti iko katikati yao. Inatakiwa ipinde na inyooke, irefuke kidogo na ifupike kidogo, huku inazunguka mamia ya mara kwa dakika na kubeba nguvu yote ya injini. Kazi hiyo inafanywa na viungo vya kwenye ncha zake, yaani sivijointi. Kama goti la binadamu, kiungo hiki kina mwisho wa kupinda. Ukikivusha hapo, kinavunjika.

Hesabu ndogo, usikimbie!

Chukua shafti yenye sentimita 40 kutoka katikati ya kiungo kimoja hadi katikati ya kingine. Gari likiwa limetulia na shafti iko sawa na ardhi, pembe yake ni sifuri. Sasa mtu akainua gari kwa sentimita 5 kwa sababu ya barabara mbovu, na difu ikapanda pamoja na bodi. Shafti inainama kwa digrii 7 hivi. Akiinua sentimita 10, digrii 14. Na hapo gari limesimama tu, halijaingia hata shimo moja.

Urefu nao unabadilika. Kama gurudumu lingekuwa linashuka wima kabisa, kwa sentimita 5 shafti ingehitaji milimita 3 za ziada, na kwa sentimita 10 ingehitaji milimita 12. Kiungo cha ndani, upande wa difu, kimetengenezwa ili kiteleze kuingia na kutoka. Lakini nafasi yake ni ndogo. Ikiisha kwa ndani, shafti inasukuma difu na beringi kama msumari. Ikiisha kwa nje, kiungo kinachomoka.

Kuna mtego mwingine ambao jicho halioni. Ukichungulia kwa nyuma unaona shafti inainama juu na chini. Lakini simama juu yake utazame: je, gurudumu liko mbele au nyuma ya difu? Pembe hizo mbili zinaungana. Digrii 6 za juu-chini na digrii 8 za mbele-nyuma zinakupa pembe halisi ya digrii 10. Fundi aliyepima upande mmoja tu atakuapia kwamba mambo ni bomba kabisa!

Propela nayo ina wivu wake

Propela kwa kawaida haitumii sivijointi. Inatumia krosi, kile kiungo chenye umbo la msalaba. Krosi ni kitu cha zamani sana, na mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke aliifanyia kazi miaka ya 1670. Ni imara na rahisi, ila ina tabia moja ya ajabu: ikipinda, haitoi mwendo ulio sawa. Upande unaoingia unazunguka kwa utulivu, upande unaotoka unakimbia na kupunguza, mara mbili kwa kila mzunguko.

Krosi ikipinda digrii 10 na giaboksi ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, upande wa pili utakuwa unapanda hadi 3,046 na kushuka hadi 2,954, tena na tena. Ndiyo maana propela inakuwa na krosi mbili, moja mbele na moja nyuma. Zikipinda kwa pembe ileile, ya nyuma inafuta fujo ya ya mbele. Zikitofautiana, fujo inabaki, na ninyi mtaisikia kwenye viti.

Ili pembe zilingane, mstari wa giaboksi na mstari wa pua ya difu lazima vilale sambamba. Kama giaboksi inainamia nyuma kwa digrii 3, difu nayo inainamia nyuma kwa digrii 3. Na zile uma mbili za propela zinazoshika krosi ziwe zimelala upande mmoja. Ukikata propela ili kuifupisha kisha ukaichomelea uma zikiwa zimepishana, umejitengenezea mtetemo wa kudumu.

Habari njema ni kwamba kwenye sasipensheni huru difu haichezi na magurudumu. Ukiiweka sawa siku ya kwanza, pembe za propela zinabaki hapohapo mradi raba zake ni nzima. Hiyo ni zawadi. Usiitupe kwa haraka ya Jumamosi moja.

Tuseme mko Kiloleli

Tuchukue mfano wa kubuni. Bwana na bibi wako Kiloleli, mkoani Simiyu. Yeye mwalimu, mwenzake anafanya biashara ya pamba na pembejeo. Wanataka gari dogo la mzigo la kujengwa nyumbani, lenye difu na shafti za Mark II, la kwenda mashambani, Lamadi na Bariadi.

Gari hilo lina maisha mawili. Kutoka Lamadi hadi Bariadi ni lami, kilomita 70 na kidogo. Humo gari linakimbia 80 kwa saa bila kusimama. Kwa tairi la mzingo wa mita 2 hivi na difu ya uwiano wa 4 kwa 1, propela inazunguka karibu mara 44 kwa sekunde. Krosi zisizolingana zitatikisa gari mara 89 kwa sekunde. Hausikii pigo mojamoja, unasikia mlio, halafu kioo kinatetemeka, halafu kichwa kinauma. Ukifika Bariadi mnagombana na hamjui ni kwa nini!

Maisha ya pili ni udongo mweusi wa mbuga. Msimu wa mvua njia inakuwa matope, ikikauka inabaki na mifereji ya magurudumu. Hapo gurudumu moja linazama na jingine linaning'inia, na shafti zinapinda hadi mwisho wake, moja juu na moja chini, huku dereva anakanyaga mafuta ili atoke. Hakuna wakati mbaya zaidi kwa kiungo. Kisha weka magunia ya pamba nyuma: gari linakaa chini na pembe zote zinageuka tena.

Sasa angalia wengi wanavyofanya. Chesisi iko juu ya mawe au stendi, haina injini, haina viti, haina mzigo. Magurudumu yananing'inia. Fundi anaisogeza difu mpaka shafti "zinanyooka", anafumba jicho moja, anasema iko sawa, cheche zinaruka. Kila kitu kimenyooka kwa gari ambalo halipo. Siku litakaposhushwa na kubeba uzito wake, shafti zitakuwa zimeinama kuelekea juu tangu asubuhi.

Hiyo ndiyo siri nzima ya makala hii, na haihitaji digrii ya uhandisi: lipime gari likiwa limesimama jinsi litakavyoishi. Na uzito wake, na watu wake, na mzigo wake.

Mambo 6 kabla ya kuchomelea

*1. Pata kimo halisi.* Funga magurudumu na matairi yatakayotumika. Kama injini na viti bado, weka mifuko ya mchanga yenye uzito unaokaribiana. Au toa shokapu na springi, funga badala yake ubao au chuma chenye urefu ule ambao shokapu itakuwa nao gari likiwa na mzigo wa kawaida. Hapo ndipo shafti zinatakiwa ziwe karibu na usawa.

*2. Azima vifaa vya fundi ujenzi.* Timazi, uzi na pimamaji vinatosha kwa sehemu kubwa. Vuta uzi katikati ya chesisi kutoka mbele hadi nyuma, angusha timazi, uone difu imekaa wapi. Kwa pembe, hata simu yenye programu ya kupima digrii inasaidia, mradi uiweke kwenye uso ulionyooka na upime mara tatu.

*3. Usichanganye shafti.* Kwenye baadhi ya magari shafti ya kulia na ya kushoto hazina urefu sawa. Chukua zote mbili, habu na difu kutoka gari moja, uziandike kwa chaki kabla hazijatolewa.

*4. Cheza gurudumu juu na chini.* Springi ikiwa imetolewa, inua gurudumu hadi mwisho wa juu, kisha lishushe hadi mwisho wa chini. Kila hatua zungusha shafti kwa mkono. Ikikaza popote, simama. Hakikisha kiungo cha ndani bado kina milimita kadhaa za kuteleza pande zote. Kama kinafika mwisho gurudumu likining'inia, tafuta shokapu fupi zaidi au funga mkanda imara wa kulizuia.

*5. Linganisha propela.* Pima giaboksi, pima pua ya difu, ziwe sambamba. Usitafute sifuri kabisa kwenye krosi, kwa sababu sindano za beringi zake zinahitaji kusogea kidogo ili zisile mahali pamoja. Digrii 1 hadi 3 zinaishi vizuri. Kisha funga duara la chuma kuizunguka propela upande wa mbele. Krosi ikivunjika, propela isianguke na kuchoma barabara kama jembe.

*6. Shikiza kwanza, chomelea baadaye.* Fundi aweke vitone vidogo tu vya kushikiza. Gari lishushwe, lipimwe tena, kesho yake lipimwe mara ya tatu. Chuma kinachochomelewa kinajivuta, milimita 2 zinapotea bila kuaga.

Wengine watakwambia Jaguar hawakutumia viungo vya kuteleza. Ni kweli! Kwenye sasipensheni yao ya nyuma iliyotoka na E-Type mwaka 1961, shafti yenye krosi mbili na urefu usiobadilika ndiyo iliyokuwa mkono wa juu wa gurudumu. Lakini walipanga kila kitu kuizunguka shafti hiyo tangu mwanzo. Ukichukua shafti ya namna hiyo ukaifunga kwenye mikono mingine ya kubahatisha, mikono itavuta huku, shafti itavuta kule. Mmoja atavunjika.

Likishaanza kulalamika

Gari huwa halinuni kimyakimya. Likitetemeka kwa kasi fulani, ukiachia mafuta bado linatetemeka, shuku propela. Likitikisika pale unapokanyaga mafuta kwa nguvu na kutulia ukiachia, shuku kiungo cha ndani cha shafti. Likigonga "ko!" unapoanza kuondoka, angalia krosi na raba za difu. Na ukiona grisi imerukia ndani ya rimu, mpira wa shafti umechanika: grisi inatoka, mchanga unaingia. Mpira ni gharama ya mara moja. Ukisubiri, utanunua shafti.

Na hapa msikilize kwa makini. Shafti moja ikichomoka, difu ya kawaida inapeleka nguvu yote kwenye upande uliochomoka, kwa hiyo gari haliendi mbele. Lakini si hivyo tu. Gari la otomatiki likiwekwa kwenye P, kinachozuiwa ni giaboksi, si magurudumu. Shafti ikiwa imechomoka, P haishiki kitu. Gari kwenye mlima linaondoka zake, na watoto wamo ndani. Ndiyo maana breki ya mkono ya gari la kujenga si pambo, na jiwe nyuma ya tairi si ushamba.

Sasa ninyi wawili

Mazungumzo ya nyumba nyingi yako hivi:

"Baba watoto, ile nyuma mmepima?"

"Fundi amesema iko sawa."

"Amepima na nini?"

Kimya.

Swali hilo la pili liulize bila kejeli, na wewe unayeulizwa usilione ni dharau. Aliyekaa uvunguni wiki tatu ameshazoea kile anachokitazama. Anayekuja na chai ndiye anayeona kwamba upande wa kulia umeinama zaidi. Mkabidhi mwenzio uzi na daftari. Mmoja apime, mwingine aandike. Namba ziwe kwenye karatasi, si kwenye kichwa cha fundi ambaye kesho atakuwa Mwanza.

Wekeni pia pesa ya makosa pembeni tangu mwanzo. Difu itasogezwa, bano litakatwa na kuchomelewa upya. Hiyo ni kawaida ya kujenga. Kinachovunja amani ni pale kukata upya kunapomaanisha ada ya mtoto, na mtu anaamua "tuache hivyohivyo". Hivyohivyo ndiyo inayochomoka njiani.

Na kabla ya kuingia barabarani, nendeni TRA mkaulize usajili wa gari la kujenga unataka nini, likaguliwe na polisi wa usalama barabarani, na kampuni ya bima iambiwe ukweli wote kuhusu chesisi. Bima iliyokatwa kwa maelezo ya gari jingine haitawasaidia siku ya siku.

Jumamosi hii, basi, mashine ya kuchomelea ipumzike. Shusheni gari chini, pakieni mifuko ya mchanga, kaeni wote wawili ndani kwa dakika moja, halafu mtu mwingine apime. Mkikuta shafti imeinama, mshukuru Mungu. Leo ni kazi ya grinda na saa mbili. Ikishafika njia ya Bariadi, ni hadithi nyingine.